Fundi, kamera inaliona gari lakini namba haisomeki

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja juu ya kitu kimoja: kamera ya nyumbani inayosoma namba za magari yenyewe na kuziandika, tarehe na saa pembeni. Watu wanaitaka getini, kwenye njia ya mtaa, kwenye nyumba za kupangisha. Naielewa hamu hiyo. Mtu aliyeibiwa na gari lililopita mara mbili mbele ya geti lake usiku, halafu kwenye rekodi akaambulia taa mbili nyeupe tu, hahitaji kuelezwa faida yake. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi, na salamu nimezifupisha.

Shikamoo fundi. Nilinunua kamera ya megapikseli 8, ile ya bei, nikaifunga kwenye kona ya paa. Kiwanja chote nakiona mpaka duka la jirani. Lakini nikivuta picha nisome namba ya gari lililosimama getini napata ukungu mtupu. Nimeuziwa feki? (Msomaji wa Goba)

Marahaba. Hujauziwa feki. Kamera yako inafanya kazi iliyotengenezewa, yaani kuona eneo pana. Kusoma namba ni kazi nyingine, na kamera moja haiwezi kuzifanya zote mbili vizuri.

Tupige hesabu. Picha ya kamera yako ina pikseli, yaani vile vidoti vinavyoiunda picha, 3,840 kwa upana. Lenzi yake, kama ni ile ya kawaida ya milimita 2.8, inafunguka nyuzi 100 hivi. Gari likiwa mita 12 kutoka kwenye kamera, upana unaoonekana pale ni kama mita 28. Gawanya: kila mita imepata pikseli 137. Kibao cha mbele cha gari kina urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo kimeambulia pikseli 68, na humo ndani kuna T, tarakimu tatu na herufi tatu. Kila moja imebaki na pikseli tisa, ukihesabu na nafasi za katikati. Hapo jicho la mtu linabahatisha, na programu itakuandikia chochote.

Mimi sifungi kamera ya namba mpaka nihakikishe kibao kinapata pikseli 130 au zaidi kwa upana. Nikipata 200 nalala usingizi. Kwa hiyo iache hiyo ya paani iendelee kutazama kiwanja, uongeze ya pili ambayo haitazami kitu kingine isipokuwa mahali gari linapopunguza mwendo. Upana wa mita nne unatosha kabisa: gari moja na nafasi kidogo kila upande. Kwa upana huo hata kamera ya megapikseli 2, yenye pikseli 1,920, inakipa kibao pikseli 240. Ndivyo kamera ya bei ndogo inavyoishinda ile ya megapikseli 8.

Lenzi unaijua hivi: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 5.4, gawanya kwa upana unaoutaka. Hiyo 5.4 ni upana, kwa milimita, wa kihisi, kile kipande kinachopokea picha, kilichomo kwenye kamera nyingi za nyumbani. Umbali wa mita 12 na upana wa mita 4 unakupa lenzi ya milimita 16. Dukani ulizia kamera ya lenzi inayovutika, ile unayoweza kuisogeza karibu na mbali. Zile zinazoishia milimita 13.5 bado zitakufaa, upana utakuwa mita 4.8 hivi. Kuvuta picha kwenye simu baada ya kurekodi hakuongezi pikseli hata moja. Kinachozileta ni lenzi, tena kabla ya kurekodi.

Fundi wangu anasema kamera lazima iwe juu kabisa, mita tano, wezi wasiifikie. Wewe unasemaje? (Mama wa Mbezi Juu)

Dada, hofu yake ni ya kweli, ila kamera ya namba ikipanda sana inaanza kutazama boneti. Kibao kinaonekana kimebanwa juu na chini, herufi zinakuwa fupi, na programu inachanganyikiwa. Mimi sivuki nyuzi 30 kutoka juu wala nyuzi 30 kutoka pembeni, na kama zote mbili zipo kwa pamoja nataka ziwe chini ya hapo.

Kinachoamua ni urefu ukilinganisha na umbali. Kamera ya mita tatu juu inayosoma gari lililo umbali wa mita 12 inatazama chini nyuzi 12 tu, hiyo ni safi. Kamera hiyohiyo ikisoma gari lililo umbali wa mita nne inafika nyuzi 32, umeshaharibu. Basi mita tano zinawezekana kama barabara ni ndefu na unasomea mbali. Kama geti liko karibu, ishushe na uifiche: ndani ya tundu la ukuta, nyuma ya nondo za geti, kwenye nguzo iliyo upande wa ndani. Nimeshatoboa ukuta wa tofali na kuiingiza kamera humo mpaka mpita njia haioni asipoambiwa.

Mchana inasoma vizuri. Giza likiingia namba inakuwa mwanga mweupe tu, au gari linakuwa mstari. Nimeongeza taa ya uani, imezidi kuharibu. (Msomaji wa Tabata)

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Giza likiingia, kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, inaacha shata, ule mlango wa kuingiza mwanga, wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Tuseme sehemu moja ya 30 ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kuingia mtaani, linasogea sentimita 18 ndani ya muda huo. Namba haiwezi kubaki namba. Ukiilazimisha shata iwe sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, gari linasogea chini ya sentimita moja. Herufi zinabaki na kingo zake.

Utaniuliza: na giza je? Kwa shata fupi namna hiyo picha nzima si itakuwa nyeusi? Ndiyo, na ndivyo tunavyotaka. Kibao cha gari kimevikwa karatasi inayourudisha mwanga kule ulikotoka. Taa za infraredi zilizo kwenye kamera, zenye mwanga ambao jicho la mtu halioni, zinakipiga kibao, nacho kinazirudishia kamera moja kwa moja. Mara ya kwanza nilipopanga hivi, kwa gari la IST la kuazima kwenye uchochoro usio na taa, nilidhani nimeharibu kitu. Kwenye skrini hapakuwa na gari, hapakuwa na ukuta wala barabara. Zilikuwepo nukta mbili ndogo za taa, na katikati yake kipande cheupe kinaelea gizani, herufi nyeusi zimesimama wima utadhani zimechapwa leo. Hiyo ndiyo picha sahihi ya kamera ya namba usiku. Ya sura ya dereva na rangi ya gari ni kazi ya ile kamera nyingine.

Kwa hiyo taa ya uani haikusaidii. Imekaa mbali na kamera, mwanga wake unarudi kwingine. Taa ya infraredi iwe kwenye kamera yenyewe au jirani yake kabisa.

Ingia kwenye mipangilio ya usiku. Weka picha nyeusi na nyeupe, infraredi iwake, zima ule usawazishaji wa mwanga mkali na kiza (WDR), kisha funga shata kwa mkono. Anzia 1/500, pitisha gari. Nenda 1/1000, pitisha gari. Kama kibao kinang'aa mno mpaka herufi zimemezwa na weupe, fupisha tena mpaka 1/2000 au punguza nguvu ya infraredi. Kama kimefifia, rudi nyuma hatua moja. Mwisho, lenga upya, na ulengaji huo ufanye usiku. Mwanga wa infraredi hautui mahali palepale pa mwanga wa mchana, na kamera inayojilenga yenyewe ikiona picha nyeusi inaanza kuhangaika mbele na nyuma. Ukishaipata, ifunge ibaki hapo.

Kama nafasi inaruhusu, soma kibao cha nyuma. Taa za nyuma hazipigi kamera usoni.

Je, ukisoma nyuma bodaboda nazo zinaingia? (Kijana wa Mwananyamala)

Zinaingia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda nyuma. Namba ya bodaboda iko nyuma, kamera inayotazama wanaoingia haitaiona hata siku moja. Ila kibao chake ni kidogo na kimepangwa kwa mistari, mara nyingi kimepinda au kina tope. Tegemea kusoma chache kuliko za magari. Wala usitegemee rangi ya kibao usiku: kwenye infraredi, cheupe cha biashara na cha njano cha mtu binafsi vinatoka sawa.

Programu gani nitumie, na lazima niwe na intaneti? Huku kwetu bando ni gharama. (Msomaji wa Kahama)

Si lazima. Ziko kamera zinazosoma namba ndani yake zenyewe, ni ghali. Ziko huduma za kutuma picha nje ya nchi zikasomwe huko, zinakula bando, na mimi sipendi picha za majirani zangu zisafiri. Njia ninayoitumia nyumbani ni Frigate, programu huria ya kurekodi kamera. Kuanzia toleo la 0.16 la mwaka 2025 inasoma namba yenyewe, kwenye kompyuta yako. Ikishapakua mafaili yake mara ya kwanza unaweza kuikatia intaneti, ikaendelea. Kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye RAM ya GB 8, inatosha kwa kamera moja mbili. Inataka mtu asiyeogopa kuandika faili la mipangilio. Kama si wewe, tafuta kijana wa IT na umkalishe jioni mbili.

Kuna jambo moja linalowakwamisha watu wiki nzima. Kwa kawaida programu hii inatafuta gari kwanza, kisha kibao juu ya gari. Sasa kumbuka ile picha yetu ya usiku: gari halipo, kimebaki kibao kinachoelea. Itatafuta gari, haitaliona, haitasoma kitu. Frigate ina mpangilio wa kuiambia kwamba kamera hii ni ya namba peke yake, itafute kibao moja kwa moja. Uwashe.

Jambo la pili ni vibao vya mistari miwili. Magari yetu mengi yametoka Japani, na nafasi ya kibao cha nyuma imetengenezwa kwa kibao kifupi cha pembe nne, kwa hiyo T na tarakimu zinakaa juu, herufi tatu chini. Baadhi ya programu zinasoma mstari mmoja zikaacha wa pili. Kabla hujalipia programu yoyote, ijaribu kwa picha kumi za nyuma ya magari ya hapa kwetu, si kwa picha za kwenye tangazo lao.

Jambo la tatu ni mpangilio wa namba. Gari letu la kawaida ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Ukiipa programu kanuni hiyo, 8 iliyotokea kwenye nafasi ya herufi inajulikana ni B, na S iliyotokea kwenye nafasi ya tarakimu inajulikana ni 5. Inasaidia sana. Lakini usiiambie itupe kila kisichofuata kanuni: kuna Z za Zanzibar, MC za pikipiki, DFP za miradi, STK na STL za serikali. Tena kanuni ya nafasi haikuokoi pale B inaposomwa D, au 3 inaposomwa 8. Zote mbili ni halali mahali pake. Hilo nitalirudia chini.

Sisi huku Syokimau nambari zetu ni tofauti. Hiyo kanuni yako itafanya kazi? (Msomaji wa Syokimau, Kenya)

Itafanya kazi ukibadilisha mpangilio: herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, herufi moja. Pikipiki ziwe na kanuni yake, zina herufi nne mbele. Na mna bahati: herufi I na O hazitumiki, kwa hiyo programu ikiandika O popote jua ni sifuri au ni kosa. Vile vibao vipya vilivyoanza kutolewa mwaka 2022 na vile vya zamani bado viko barabarani pamoja, kwa hiyo majaribio yako yawe na vya aina zote mbili.

Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi ya nyumba kumi na moja. Tumechanga, kamera imefungwa, fundi amechukua hela yake na kutuonyesha namba tatu zilizosomwa. Wazee wanauliza: tutajuaje kwamba inafanya kazi kweli? (Msomaji wa Mbweni)

Wazee wameuliza swali ambalo mafundi tunalikimbia. Namba tatu za mchana, gari likiwa limesimama, si jaribio. Nataka mfanye haya, na fundi wenu awepo.

Siku ya kwanza chukueni gari moja mnalolijua namba na mlipitishe mara nyingi. Polepole, kisha kilomita 20, kisha 40. Mchana wa jua kali, kisha usiku na taa za chini, kisha usiku na taa kamili. Msisahau magharibi, pale kamera inapobadilika kutoka rangi kwenda infraredi. Kwa dakika kama ishirini hivi picha inayumba, na ni saa ambayo watu wengi wanarudi nyumbani. Kama mvua ikinyesha msiikimbie, rudieni. Masika itakuja.

Baada ya hapo ndipo daftari. Mpeni mlinzi daftari na kalamu, siku saba, aandike namba ya kila gari linalopita na saa, bila kuiona skrini. Msimlipe kwa idadi, atajaza za kubuni. Mwisho wa wiki kaeni wawili, mmoja na daftari, mmoja na orodha ya kamera, mlinganishe mstari kwa mstari. Kila gari liingie fungu mojawapo: imesomwa sawasawa, imekosewa herufi moja, imekosewa zaidi, haikusomwa kabisa. Fungu la tano ni la vitu ambavyo kamera imeviita namba na si namba. Mtacheka, lakini viandikeni: namba ya simu ubavuni mwa lori la mchanga, maneno ya nyuma ya bajaji, tangazo la shule.

Hapo mtapata majibu mawili, na msiyachanganye. Tuseme yalipita magari 50. Kamera iliandika mistari 45, na iliyo sahihi ni 40. Ukiuliza "kati ya magari yaliyopita, ngapi yamesomwa sawa?" jibu ni 40 kwa 50, asilimia 80. Ukiuliza "mstari nikiuona kwenye orodha, niuamini kiasi gani?" jibu ni 40 kwa 45, asilimia 89. Swali la kwanza linawaambia mangapi yanawapita. La pili linawaambia ni mara ngapi mtamtuhumu mtu asiye na kosa. Fundi atawatajia namba moja tu, ile kubwa. Mdaini zote mbili, tena za mchana na za usiku kila moja peke yake, kwa sababu mchana unaficha aibu ya usiku.

Kuhusu saa: mlinzi ataandika "saa mbili na robo usiku", kamera itaandika 20:15. Kubalianeni mapema nani anabadilisha. Na tazameni saa ya kamera yenyewe. Nyingi zinatoka kiwandani na saa ya China, ambayo iko saa tano mbele yetu. Niliwahi kukuta kamera iliyofanya kazi mwaka mzima ikirekodi jioni kuwa usiku wa manane, na wenyewe hawakujua mpaka siku waliyoihitaji. Iwekeni ijirekebishe kwa mtandao, au muirekebishe kwa mkono kila mwezi.

Makosa ya herufi moja yaandikeni kwenye ukurasa wa nyuma: ilikuwa nini, ikasomwa nini. Mkiona kosa lilelile linajirudia kwa gari lilelile, katazameni kibao chenyewe. Mara nyingi mtakuta skrubu imepigwa juu ya herufi, au fremu ya plastiki imefunika ukingo. Nendeni kwa mwenyewe kwa heshima, ataibadilisha.

Kisha rekebisheni pembe, shata, mwanga, mfanye wiki nyingine. Mimi huwa nafanya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Fedha ya mwisho ya fundi ishikilieni mpaka daftari liseme ndiyo.

Kamera inanitumia taarifa saa tisa usiku kila siku. Ukifungua hakuna gari. (Msomaji wa Kigamboni)

Ni mjusi. Wadudu wanazurura mbele ya kamera usiku, nao wanamvuta mjusi kafiri na buibui. Utando wa buibui mbele ya lenzi unawaka mweupe usiku na kuiharibu picha nzima. Futa kioo kwa kitambaa laini kila wiki mbili, na kwenu karibu na bahari ongeza maji safi kidogo kwanza, chumvi ikisuguliwa kavu inakwaruza. Ukiweza, taa ya infraredi iwe kando kidogo ya lenzi, ila isitoke jirani yake, utando usimulikwe sana. Na weka betri ya akiba kwa kamera na kompyuta, umeme ukikatika ndipo watu wabaya wanapopita.

Nataka geti lifunguke lenyewe likiona namba ya gari langu. Inawezekana? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

Inawezekana, na nimekataa kuwafungia watu zaidi ya mmoja. Namba ya gari si siri. Kila unayekutana naye barabarani anaiona, na mtu anaweza kuichapa kwenye karatasi akaibandika. Iache kamera ikutumie ujumbe "umefika", geti ulifungue kwa rimoti au simu. Tena hizi programu zina kipimo cha kusamehe makosa, kwamba namba iliyotofautiana herufi moja na yako ihesabiwe ni yako. Kwa kumbukumbu ni sawa. Kwa kufungua geti, umemfungulia mgeni.

Jirani yangu wa mbele amekasirika, anasema namrekodi anavyoingia na kutoka. Barabara si yake. Ana haki? (Msomaji wa Kinyerezi)

Kaka, ana hoja, na ningekuwa yeye nami ningesema. Orodha ya namba na saa ya mwezi mzima inamwambia anayeisoma jirani anaamka saa ngapi, Ijumaa anaenda wapi, nani alilala kwake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tume ya kuisimamia. Wenzetu Kenya wana yao tangu 2019. Kumrekodi mwenzako ni jambo ambalo una wajibu nalo.

Fanya hivi. Elekeza kamera kwenye geti lako na mdomo wa njia yako, mlango wake uuzibe kwa kile kiraka cheusi kilichomo kwenye mipangilio. Weka orodha ijifute baada ya siku 14, au 30 kama una sababu. Nywila iwe yako na ya mtu mmoja mwingine, ile iliyokuja na kamera ibadilishe leo. Bandika kibao kinachosomeka kwamba pana kamera. Halafu mwite jirani, mkalishe mbele ya skrini, umwonyeshe inaona nini na haioni nini. Nimeshuhudia ugomvi wa miezi ukiisha kwa dakika kumi namna hiyo, na jirani akaomba yake nayo ifungwe.

Tumeibiwa Jumamosi. Kamera imesoma namba ya gari lililokuja. Vijana wanataka kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuirushe? (Msomaji wa Kibaha)

Poleni sana. Msiirushe.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwapa watu wa mtaa mmoja namba iliyosomwa usiku wa wizi. Niliichukua kwenye orodha, sikufungua picha. Herufi ya mwisho programu iliandika D. Kufika asubuhi namba ilikuwa imeenea kila mahali, na mchana vijana wakamzuia baba mmoja kituo cha mafuta, watoto wake wawili wa shule wako kiti cha nyuma. Gari lake lilikuwa na namba hiyohiyo, rangi nyingine. Walimtoa nje, wakamchania shati kabla mzee mmoja hajaingilia. Jioni nikaifungua picha na kuikuza. Ilikuwa B, skrubu imeiziba tumbo. Nilienda kwake na mwenyekiti wa mtaa kuomba radhi. Alitukaribisha ndani, mtoto wake mdogo akakataa kutoka chumbani kwa sababu tulikuwa wanaume wageni.

Kwa hiyo fungueni picha yenyewe, msiishie kwenye maandishi ya programu. Someni watu watatu, kila mmoja peke yake, aandike anachokiona. Herufi yenye shaka ipigieni mstari. Hifadhini video ya dakika tano kabla na tano baada, kutoka kamera zote mbili, kwenye flashi, kabla mashine haijaifuta. Andikeni saa ya kamera na saa halisi kama zinatofautiana. Mkafungue kesi polisi, mpewe RB, mkabidhi nakala ya flashi na ya kwenu ibaki. Mwenye gari wao watamtafuta kwenye kumbukumbu za TRA. Vijana waambieni kazi yao kwa sasa ni kupita nyumba za jirani kuuliza nani mwingine ana kamera iliyotazama barabara Jumamosi usiku, kwa sababu rekoda nyingi zinajifuta zenyewe baada ya wiki, na leo ni Alhamisi.